Ombi la Kusimamishwa Ubaba Mpaka Likizo Iishe

Kwa Ndugu Mratibu,
Mpango wa Kazi za Likizo na Maandalizi ya Chuo kwa Wanafunzi wa Sekondari.

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mama wa mwanafunzi (nimemwachia juu ya kabati la vyombo).

YAH: KUSIMAMISHWA UBABA KWA MUDA, KWA FAIDA YA MTOTO

Ndugu Mratibu,

Pokea salamu zangu, pamoja na pole kwa kazi ya kuwatafutia kazi watoto wa watu ambao wengine wao wenyewe bado wanaitafuta. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko nyuma ya duka la dawa, mlango wa bluu, ule ambao ukiusukuma unagoma na ukiuacha unafunguka wenyewe. Bila shaka nimetajwa ofisini kwako, maana afisa wako alipokuja kuniomba nimpokee mwanafunzi kwa likizo hii ndefu, alikaa kwenye kochi la mteja ambalo gundi yake haijakauka, akaondoka na kipande cha kitambaa kwenye suruali. Hilo silihesabu. Malalamiko yangu yanaanza baadaye.

Afisa huyo alinieleza kwamba mwanafunzi atafanya kazi kwangu asubuhi, na mchana atakwenda kwenye darasa lenu la kuwaandaa watoto kwa chuo. Kwamba mimi nitaitwa Msimamizi. Na kwamba nitapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kitambulisho ndicho kilichonimaliza. Tangu nianze kujitegemea hakuna ofisi iliyowahi kunitambua kwa maandishi isipokuwa ile ya maji, nayo ilikuwa inanikatia. Nikakubali palepale. Niliomba kitu kimoja tu, niletewe mtoto asiyetoka jasho mikononi, kwa sababu kitambaa cheupe hakina msamaha. Afisa akasema hawachagui, wanapiga kura ili kusiwe na upendeleo. Nikawasifu kwa uadilifu wenu.

Kura yenu, Ndugu Mratibu, ikanipa binti yangu wa kuzaa.

Siku ya kuripoti nilitoka nyumbani na shati lililopigwa pasi, kitambulisho kifuani. Binti naye akatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi, akajibu kwa heshima, "Kazini, baba." Nikafurahi, nikamtakia heri, tukafuata njia moja. Nilitegemea atakata kona kwa kinyozi, hakukata. Nikategemea atavukia penye mashine ya kusaga, hakuvuka. Nikafika, nikafungua kufuli, na nilipogeuka nikakuta mkono umenyooshwa mbele yangu. "Habari za asubuhi. Mimi ndiye mwanafunzi niliyepangiwa hapa."

Kumbe alikuwa anajua kwa wiki nzima. Maelekezo mliyowapa yanasema mwanafunzi asimwendee msimamizi wake kwa mazungumzo ya pembeni kabla ya siku ya kuripoti. Kwa hiyo alikuwa ananipakulia chakula, anakaa mbele yangu, anakula, na kunitunzia siri yangu mwenyewe.

Nilikwenda kwa afisa wako siku hiyohiyo. Akaitazama orodha, akajikuna kisogo, akasema majina yameshapigwa muhuri. Kisha akanipa agizo ambalo ndilo chanzo cha barua hii: "Mzee, wewe mtendee tu kama mwanafunzi mwingine yeyote." Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nimemtendea hivyo. Naomba sasa usome matokeo yake, nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu.

1. USAILI. Mwongozo wenu unamtaka msimamizi amsaili mwanafunzi kabla ya kumkabidhi kazi. Nikamweka mbele ya meza ya kukatia, nikamwambia ajieleze. Alisema amezaliwa katika familia ya fundi, anapenda hesabu, na kwamba baba yake ni mtu mwema sana ila hasikilizi. Nilimwambia siku moja amlete huyo baba nimseme. Akasema atajaribu, lakini ni mtu mwenye shughuli nyingi. Nilipomuuliza kwa nini anataka kufanya kazi kwenye karakana hii na si nyingine, akatazama ukutani niliponing'iniza vipande vya vitambaa, akasema kwamba tangu utotoni alikuwa anasikia harufu ya gundi mlangoni kwao jioni na kujua wote wamefika salama. Jibu hilo halimo kwenye orodha ya majibu mliyotuletea. Sikujua nimpe alama ngapi. Nikampa za wastani, ili kusiwe na upendeleo.

2. KUKAA. Ukurasa wenu wa maadili unasema mali ya mteja isitumiwe na wafanyakazi. Karakana yangu, Ndugu Mratibu, haina kiti kisicho cha mteja. Maisha yangu yote ya ufundi nimekalia makochi ya watu, na nilikuwa nauita huo ukaguzi. Mwanafunzi akaubandika ukurasa huo ukutani. Tangu hapo mimi, mtu niliyewastarehesha wenye makalio wote wa mji huu, nakalia ndoo ya gundi iliyogeuzwa. Jirani yangu fundi redio, ambaye kila siku alikuwa anakuja kujinyoosha kwenye kochi lolote la watu watatu, aliulizwa na mwanafunzi kama amekuja kwa shughuli ya kikazi. Akasema amekuja kulala. Akaombwa arudi akiwa na shughuli. Alininunia mpaka nikaenda kumwangukia.

3. VITU VYA NDANI. Kila anayefungua makochi anajua kwamba kule chini ya sponji kuna dunia nyingine: vitana, vijiko, vifungo, karanga za enzi za kale. Sisi mafundi huwa tunafagia. Mwanafunzi akaanzisha utaratibu wa kumrudishia kila mteja vyake, vimepanguswa, ndani ya bahasha. Mwalimu mmoja mstaafu akarudishiwa miwani aliyoipoteza zamani. Alilia kwa furaha. Akaivaa, akageuka, akaiona kazi yangu vizuri kwa mara ya kwanza tangu awe mteja wangu, akaniambia nifumue mgongo wote nianze upya.

4. MIPAKA YA NYUMBANI NA KAZINI. Hapa ndipo ninapokuomba ukae vizuri.

Mwanafunzi huniita "Msimamizi" kuanzia mlango wa bluu mpaka kwenye geti letu. Tukilivuka, naitwa "Baba". Siku moja tukiwa njiani nilimuuliza kama mama yake amepika. Akaniomba radhi, akasema mambo ya familia yake angependa tuyaache mpaka baada ya saa za kazi. Basi jioni, nikiwa baba, nikamwambia aoshe vyombo. Mama yake akaniwakia. "Mtoto katoka kazini amechoka hivyo, na wewe unamtuma! Hivi huyo bosi wake ni mtu wa namna gani? Hana huruma? Baba watoto, wewe ni mzazi au picha ya ukutani? Kesho nenda ukamkabili!"

Ndugu Mratibu, mke wangu anajua fika bosi ni nani. Lakini ukiishi na mwanamke muda mrefu utajifunza kwamba kujua ni jambo moja na kukuachia ni jingine.

Kesho yake nikavaa koti, nikaacha kitambulisho nyumbani, nikaenda karakana kama mzazi. Mwanafunzi alinipokea vizuri sana. Alinikaribisha kwenye ndoo. Akanieleza kwamba msimamizi hajafika na hakuacha taarifa. Nikasema nitamngoja, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa maneno makali na sikutaka yaharibike. Nilikaa mpaka jua likahama dirishani. Hakutokea. Hasira zilinipanda kweli. Nilishangaa ni mtu gani anayeweza kupewa watoto wa watu halafu akawa haonekani kazini. Nikamwachia ujumbe mzito. Niliusoma siku iliyofuata na mpaka leo sijaujibu, kwa sababu umeandikwa kwa lugha isiyo ya adabu.

5. KIKWAZO. Huko kwenye darasa lenu la mchana, mwalimu aliwaambia watoto kwamba vyuo havitaki mtu aliyefaulu tu, vinataka mtu aliyeshinda kitu. Kila mmoja akaambiwa aandike insha kuhusu kikwazo alichokishinda. Binti yangu akarudi nyumbani ameshika tama. Wenzake walikuwa na mafuriko, walikuwa na kuungua kwa nyumba, mmoja alikuwa na kigugumizi. Yeye alikuwa ameyapekua maisha yake yote na hakukuta kitu. Akaniambia kwa lawama, "Baba, hujawahi kunifanyia ubaya wowote wa maana."

Nilijisikia kama mzazi aliyempeleka mtoto shule bila kalamu. Nikamshauri azungumze na msimamizi wake.

Asubuhi akanijia rasmi, akaomba kikwazo. Nikafikiri, kisha nikamkataza kugusa cherehani. Sikutoa sababu, kwa kuwa kikwazo chenye sababu hakina nguvu. Alibembeleza, nikakunja uso. Nikamtuma kwa mteja na mto wa kochi kichwani wakati mvua inanyesha, na tazama, nilikuwa namfuata nyuma kwa mbali na mwavuli, lakini huo sikuufungua wala hakuuona. Kisha siku moja nikaenda kutafuta springi, na niliporudi nikakuta ameshona mgongo mzima wa kochi la mwalimu mstaafu, lile la kufumuliwa. Kitambaa kilikuwa cha mistari. Ndugu Mratibu, wewe si fundi, kwa hiyo nitakueleza: mistari haipendi kukutana kwenye kona. Mimi huwa naficha pale kwa mto. Yake ilikutana kama watu waliopeana miadi.

Nilitaka kusema kitu. Nikaikumbuka insha. Nikakohoa, nikamuuliza nani amempa ruhusa.

Insha ikatoka nzuri, ikasomwa siku ya wazazi. Nilihudhuria kama baba, kitambulisho mfukoni. Kadiri ilivyosomwa wazazi walikuwa wanatikisa vichwa, na ilipofika pale pa mvua mtu mmoja alisonya kwa sauti. Mama mmoja mshonaji wa sare, aliyekaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Mtu kama huyo ana watoto kweli?" Nikamwambia sidhani. Tukapiga makofi pamoja.

6. BARUA YA MAPENDEKEZO. Sasa nafika penyewe. Kwa insha hiyo chuo kimempa binti yangu nafasi, kwa sharti kwamba kabla ya mwezi kwisha lifike chuoni karatasi la mapendekezo, lililojazwa na mtu aliyemsimamia kazini. Na chini yake wameandika: asiwe mzazi, ndugu wala jamaa wa mwombaji. Msimamizi wake ni mmoja tu, mliyempa ninyi. Nisipoandika, nafasi inakwenda kwa mtoto wa mafuriko. Nikiandika, naandika kama baba, na nafasi inakwenda kwa mtoto wa kigugumizi. Nilikwenda kwa afisa wako mara ya pili. Akajikuna kisogo upande wa pili.

Ndipo nikapata wazo. Ikiwa mtoto ana baba mwingine kwa muda mfupi tu, mimi nabaki msimamizi mtupu, na karatasi langu ni halali. Nilimshirikisha shemeji yangu, mjomba wa mtoto, karani wa ghala ambaye amekuwa mapumzikoni tangu ghala lenyewe lifungwe. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

7. SHEMEJI. Nilitegemea awe baba wa kwenye karatasi. Yeye ameichukua kazi kwa moyo wote. Amehamia kwenye kiti changu. Anawasimulia wageni jinsi alivyomfundisha mtoto kutembea, akionesha na mahali alipoangukia, na hapo ni mahali penyewe hasa, nakumbuka, nilikuwepo. Juzi alikuja karakana kama mzazi, akaruhusiwa kukaa kwenye kochi, eti mzazi hahesabiwi mfanyakazi, haki ambayo mimi siku yangu sikupewa. Akanigombeza mbele ya fundi redio kwa kumchosha "mwanangu". Nikamwomba radhi. Kinachoniuma ni kwamba niliomba radhi kwa dhati. Alipokuwa anaondoka aliagiza nimshonee mto wa kile kiti.

Mama watoto naye amesoma ukurasa wenu wa maadili, ule unaokataza msimamizi kuonekana nyumbani kwa mwanafunzi bila miadi. Kwa hiyo jioni nabisha hodi. Nikikaribishwa, naletewa chai kwenye kikombe cha wageni. Nilipouliza kama naweza kupata kile changu chenye mpini uliokatika, niliambiwa hicho ni cha baba.

Jana binti alinisindikiza mpaka getini, kama anavyosindikizwa mgeni. Hapo katikati ya geti, mahali ambapo si kazini wala si nyumbani, alisimama. Akauliza, "Huko chuoni ni mbali. Baba atanikumbuka, unafikiri?" Nikamwambia amuulize baba yake. Akasema alishanieleza siku ya usaili, baba yake hasikilizi. Akaingia ndani.

Kwa hayo yote, Ndugu Mratibu, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Nisimamishwe ubaba kwa maandishi na muhuri, kuanzia siku ya kuripoti mpaka likizo iishe, na barua hiyo ipelekwe chuoni ili wathibitishe kwamba mimi na mwombaji hatuna uhusiano wowote zaidi ya ule wa kochi.

(b) Muda huo wa kusimamishwa usikatwe kwenye utumishi wangu. Nisije nikaambiwa siku ya harusi yake kwamba kuna likizo moja sikuwa baba.

(c) Ikiwa hamna mamlaka ya kumsimamisha baba, basi nihamishwe, niwe baba wa mtoto mwingine kwa muda. Nitampokea yeyote. Pigeni kura.

(d) Shemeji aandikiwe tarehe ya mwisho. Hii naomba ipewe uzito kuliko zote.

Naamini utaona kwamba sijaomba upendeleo. Nimefuata agizo la ofisi yako neno kwa neno, nimemtendea mtoto huyu kama mwanafunzi mwingine yeyote, na nina ushahidi kwamba katika likizo nzima hakuna siku hata moja nilipojisahau nikawa baba yake. Huo mwavuli sikuufungua.

Nisalimie afisa wako na suruali yake. Wasalimie makarani wote, na yule anayepiga kura, mwambie mkono wake una balaa. Fundi redio anakusalimu; anauliza kama mnapokea pia watu wazima wenye usingizi. Mwanafunzi naye anawasalimu, ingawa hajui kama nimeandika.

Ni mimi, asiye ndugu wa mwombaji,
Msimamizi,
Karakana ya Makochi, Mlango wa Bluu.

N.B. Nilihofia jibu lako litachelewa, kwa hiyo karatasi la mapendekezo nimelijaza na kulipeleka posta leo asubuhi, mwenyewe, kwa miguu. Nimejibu kila swali kama mtu baki. Palipoulizwa ubora wa kazi ya mwombaji, nimeeleza habari za mistari ile kwenye kona, na kwa kuwa nafasi haikutosha nimeendelea nyuma ya karatasi. Palipoulizwa udhaifu wake, nimeandika kwamba baba yake hasikilizi, ila siku hizi anajitahidi. Na palipoulizwa nimemfahamu mwombaji kwa muda gani na katika mazingira gani, nimesema ukweli, kwamba tulikutana mlangoni pa wodi, mkunga akanikabidhi amefungwa kwenye shuka la kijani, naye mtoto akanishika kidole hiki cha gundi na mpaka leo mimi bado sijasikia kama amekiachia. Kisha nikatia sahihi. Sidhani kama watahisi chochote.